Jicho Langu Lipo Mlangoni kwa Ba Jasu

Jana nililala bila kula, kwa sababu ya hasira ndogo ambayo sikumwambia mtu, na usingizi uliponichukua niliota nimepanga foleni ya kuingia dukani kwa Ba Jasu. Foleni ilianzia bafuni kwetu.

Kabla sijaendelea inabidi nieleze Ba Jasu ni nani, maana ndoto yenyewe haikujishughulisha kueleza.

Ba Jasu ana duka la vyakula vya Kihindi hapa Leicester, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumba tunayopanga. Alizaliwa Tanga, akaondoka akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na Kiswahili chake kimebaki palepale alipokifikisha siku ile. "Ba" kwao Wahindi ni mama. Wateja wote humwita hivyo, ila mimi nilikuwa naamini kwamba nikiita mimi huwa kweli zaidi.

Tulijuana kwa bamia. Ulikuwa mwezi wangu wa kwanza katika nchi hii. Nilisimama mbele ya boksi la bamia, chini ya tangazo la kukataza watu wasivunje ncha, nikavunja ncha. Mama yangu alinifundisha hivyo: ikikatika kwa mlio, bamia ni changa; ikipinda tu, iache. Mlio ukatoka. Nikaona haya, nikaificha ncha mfukoni mwa koti. Ba Jasu alikuwa ameusikia ule mlio kutoka kaunta. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa Kiswahili, "Kwenu wapi, mwanangu?" Nililia palepale, mbele ya mabiringanya.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alinitilia nyongeza: fungu la kotmiri na pilipili mbichi mbili, ndani ya karatasi ya gazeti, bila kusema neno. Wapo wateja wengine wanaopewa. Mimi sikuwahi kuomba, hata mara moja, kwa miaka miwili. Ziko wiki ambazo fungu lile lilikuwa kitu pekee nilichopewa na mtu.

Mwezi uliopita aliniuliza kama chumbani kwangu jua huingia. Nikamwambia haliingii, dirisha langu linatazama ukuta wa gereji ya jirani. Akasikitika, akasema, "Haya, mwanangu." Nilitembea na swali hilo siku tatu. Nilijua anaihofia afya yangu.

Kisha katika nyumba yetu akahamia Fausta. Fausta ni Mhaya, mcheshi, huzungumza na kila mtu na hata na mashine ya kufulia. Alipewa chumba cha mbele. Ni mimi mwenyewe niliyempeleka dukani, kwa mkono wangu. Bamia changa na iliyokomaa kwake ni moja. Lakini Jumamosi ya pili alikuwa anamchekesha Ba Jasu mpaka miwani ikamdondoka, na Jumamosi ya tano, yaani jana, Ba Jasu aliingia stoo, akatoka na chupa kubwa ya achari ya maembe, mdomo wake umefungwa kitambaa cheupe. Alimkabidhi Fausta kwa mikono miwili, huku akimnong'oneza.

Mimi nilikuwa nachagua dengu. Niliposogea kaunta nikapewa karatasi yangu ya gazeti. Nikaifungulia nje. Kotmiri ilikuwepo. Pilipili ilikuwa moja.

Nilijiambia labda zimeadimika, kwa kuwa boksi la pilipili lilikuwa tupu kweli. Lakini sikuwa nataka sababu nzuri. Nikamwambia Fausta kichwa kinaniuma, nikatangulia nyumbani. Aliniita mara mbili. Sikugeuka.

Basi, ndoto.

Foleni inatoka bafuni, inashuka ngazi, inapita jikoni na kuingia moja kwa moja kwenye mlango wa duka, ambao leo umewekwa mahali pa jokofu letu. Mbele yangu limesimama kopo la samli limevaa koti langu. Naona haya kulidai. Huenda linasikia baridi.

Mlangoni pake Ba Jasu hutundika ndimu moja na pilipili saba mbichi, zimetungwa kwenye uzi mweusi, kuzuia jicho baya lisiingie dukani. Kila Jumamosi hutunga mpya. Siku zote nimepita chini yake bila kuinua uso. Safari hii ndimu na pilipili wako kazini.

"Jicho la kushoto," anasema ndimu.

Nasema limeingia vumbi.

"Vumbi halina rangi hiyo. Hili linaitazama chupa ya mwenzio tangu mchana."

Nasema sijaitazama. Jicho linasema limeitazama.

Ndimu anashusha pumzi. Ananieleza, kwa upole kabisa, kwamba hawana ugomvi na mimi, ila walitundikwa hapo kwa kazi hiyo moja, na wakiniachia mimi watamzuia nani. Jicho lile halipiti. Niliache.

Nikalitoa. Haliumi, ni kama kutoa njegere kwenye ganda lake. Pembeni kuna sinia la chuma lenye macho ya watu wengine. Mengine yamekaa siku nyingi mpaka yameota vumbi. Nikaliweka langu kwenye ukingo, mbali kidogo na yale mengine, ili lisione haya.

"Sasa nitaonaje?" nauliza.

Ndimu ananipa kunde moja nyeupe yenye doa jeusi, nichomeke pale. Anasema ni ya kuazima na inaona vitu vya karibu tu. Naichomeka. Inanitosha vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Na risiti?" nasema. Nashangaa kujisikia nikidai kitu.

Pilipili saba wanatazamana. Wa nne, aliye katikati, anajichomoa kwenye uzi, anajirusha kiganjani mwangu. "Nishike," anasema. "Risiti ni mimi. Ukinipoteza, na jicho limepotea."

Naingia.

Ndani duka ni lilelile, ila limerefuka. Kwa jicho la kulia naona mpaka mwisho, kwenye vyungu na masufuria. Kwa kunde naona boksi la bamia tu, na bamia wananitazama.

"Ndiye huyu," anasema mmoja wao. Hana ncha. "Ncha yangu iko mfukoni mwako."

Namwambia ni kweli, lakini mfuko uko kwenye koti na koti limevaliwa na kopo la samli. Anasema miaka miwili yote hajanunuliwa kwa sababu ya kasoro hiyo. Amekomaa humuhumu dukani, amepata mbegu, sasa ana wajukuu kwenye boksi la chini. Wajukuu wananisalimia, "Shikamoo." Naitikia marahaba. Namwomba radhi babu yao, namwahidi nitamrudishia. Tangazo lililo ukutani linakohoa. Limeandikwa KILICHOTOKA HAKIRUDI. Bamia anasema basi, yamekwisha, tusigombane na ukuta.

Nauliza alipo Ba Jasu. Hawajui, wao hawatoki.

Anayejua ni tembo. Yupo kwenye picha ya gunia la mchele, na ninapokaribia anatoka, anajipangusa chenga. Ana kilo kumi, kama ilivyoandikwa. Namsalimu, namweleza kwamba namtafuta Ba Jasu, nina swali dogo. Ananyoosha mkonga kwenye tangazo jingine: MOJA TU KWA KILA NYUMBA.

Tangazo hilo nalijua. Hutundikwa wakati wa maboksi ya maembe kutoka India, ambayo huja wiki chache tu kwa mwaka, na watu wazima wenye heshima zao husukumana.

"Hilo ni la maembe," namwambia.

"Lilikuwa la maembe. Maembe yamekwisha. Tangazo halijaisha, kwa hiyo linatumika kwa kilichobaki."

"Kimebaki nini?"

"Watoto wa Ba Jasu," anasema tembo. "Mtoto mmoja kwa kila nyumba. Nyinyi nyumba yenu si namba arobaini na moja?"

"Ndiyo."

"Wenu ameshachukuliwa."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama watu wanavyosema mkate umekwisha. Nikamshukuru. Akarudi kwenye gunia, akashona mlango kwa ndani.

Kaunta iko karibu sasa, ingawa sijatembea. Fausta ameketi juu yake, karibu na mizani, miguu inaning'inia, chupa ya achari imo mapajani kama mtoto. Anaisimulia mizani kisa cha shangazi yake na mchungaji, na mizani anacheka, tarakimu zinamrukaruka usoni. Mimi mizani yule hajawahi kunichekea, na tumeonana kila Jumamosi.

"Mwaja!" Fausta ananiita. "Njoo ukae, nafasi ipo."

Nafasi haikuwepo. Ila alijisogeza, akajibana kwenye mtungi wa ukwaju, ili iwepo. Hata ndotoni ni mwema. Ningependa awe mbaya kidogo, anirahisishie.

"Panda kwanza," anasema mizani.

Napanda. Tarakimu zinatulia.

"Wewe mwenyewe ni kilo moja kasorobo," anatangaza, kwa sauti ya duka zima. "Halafu kuna wivu, kilo tatu. Nifunge pamoja au mbalimbali?"

Bamia wananisubiri. Nasema afunge pamoja, kwa kuwa sikutaka watu wauone ukiwa peke yake. Anafunga ndani ya karatasi ya gazeti, ananibandika mgongoni. Naona jinsi Fausta anavyonitazama kwa huruma, na hapo ndipo mkono wangu ulipofanya jambo. Mimi, ninayeshindwa kulidai koti langu mwenyewe kwa kopo la samli, nikaikwapua chupa mapajani mwake, nikakimbia.

Nakimbia na chupa. Napita iliki, napita mvuje, ambaye anasema "Polepole" kwa harufu yake. Mbele yangu kuna mlango wa friza kubwa, ile yenye mihogo na mbaazi za barafu. Naufungua, naingia, naufunga.

Ndani ni joto. Niko juu ya dari la wazi la nyumba ya ghorofa moja, Tanga. Naijua Tanga kwa mwanga wake. Chini mtu anapiga honi ya baiskeli. Juu ya dari umetandikwa mkeka, na juu ya mkeka zimepangwa chupa kumi na moja za achari, kila moja imefungwa kitambaa cheupe, zinaota jua. Msichana wa miaka tisa hivi ameketi katikati, na fimbo mkononi, anafukuza kunguru. Amevaa miwani ya Ba Jasu.

"Umechelewa," ananiambia. "Iweke hapo, kabla kivuli hakijafika."

Pana nafasi moja iliyo wazi kwenye mkeka. Siiweki. Naikumbatia chupa na kumwambia kwamba nimekuja kuitupa chini, barabarani.

"Itupe," anasema. "Bibi atanipiga mimi. Wewe hakujui."

Sikuitupa. Nilisimama nayo, jua likiniunguza utosi, na wivu ukinivujia mgongoni kupitia gazeti. Mwishowe nikamwuliza lile swali langu dogo.

"Kwa nini umempa Fausta?"

"Ana dirisha."

"Hata mimi ninalo."

"Lako laona ukuta. Nilikuuliza mwezi uliopita, ukasema kwa kinywa chako." Anamtishia kunguru kwa fimbo. "Achari yataka jua wiki mbili. Dukani kwangu jua haliingii. Na huko mliko, jua ni moja tu kwa kila nyumba. Kwenu limeingia chumba cha mbele."

Kwa hiyo swali lile, nililotembea nalo siku tatu kama mtu aliyepewa pete, lilikuwa la achari. Nikasikia furushi langu mgongoni likiongezeka kilo.

"Hukuwa unanihofia mimi," nasema.

"Nilihofia maembe," anajibu. Alikuwa na miaka tisa, hakujua kudanganya.

Kitu kinaguna mikononi mwangu. Ni chupa. Inaongea kupitia kitambaa, kama mtu aliyejifunika shuka.

"Dada, mimi si zawadi. Yule mwenzio kapewa kazi. Asubuhi anigeuze, mchana anitikise, jioni aniondoe dirishani. Hata kuonja kakatazwa. Unamwonea wivu kibarua."

Niliiweka kwenye mkeka. Ikasogea kidogo ikajipanga na wenzake, zikawa kumi na mbili. Ningeweza kuondoka hapo. Lakini lilikuwa limebaki jambo moja, dogo kuliko yote, na hilo ndilo lililokuwa limenilaza na njaa. Nilitazama miguu yangu nikaliuliza.

"Na pilipili yangu? Siku zote huwa mbili."

Nilipoinua uso, hakuwa msichana tena. Alikuwa Ba Jasu mwenyewe, nywele zimekuwa nyeupe, fimbo ileile, mkeka uleule, kunguru wakimwogopa vilevile.

"Jana wateja walizizoa pilipili zote asubuhi," alisema. "Nikakaa kutunga za mlangoni, nikapata sita. Na sita hazizuii kitu. Zilizobaki ni zile nilizokwishafunga kwenye karatasi, za nyongeza, karatasi tisa zimepangwa kaunta. Nikafungua yako."

"Kwa nini yangu?"

Aliniangalia juu ya miwani, kama nimeuliza kwa nini maji yamelowana.

"Wale wengine ni wageni, mwanangu. Nikichukua chao sharti niwaombe. Chako nilichukua tu."

Kiganjani mwangu kitu kilitota jasho. Nikakunjua vidole. Pilipili wa nne alikuwa amelala chali, ana aibu.

"Ni mimi," alisema. "Sikutaka kujisifu mbele ya ndimu."

Nataka kumwambia Ba Jasu jambo. Nimelipanga vizuri, lina mwanzo na mwisho, lakini kivuli kimefika kwenye mkeka, na kivuli hicho kina matofali, ni ukuta wa gereji ya jirani, na mimi nimelala nautazama kupitia dirisha langu.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Mlango uligongwa mara moja, ukafunguliwa kabla sijaitikia, kama kawaida ya Fausta. Nywele hajachana, kakumbatia chupa ya achari.

"Kichwa vipi?" aliuliza. Hakusubiri jibu. Akanipa habari yote kwa pumzi moja: kwamba yule mama kampa adhabu ya siku kumi na nne, kugeuza, kutikisa, kuondoa, na haruhusiwi hata kuramba kijiko, kwamba alinong'onezwa asiilegeze ile kamba ya kitambaa, kwamba alitaka kunieleza jana njiani lakini nilimkimbia kama mtu aliyeibiwa. Sasa chupa ni nzito na kitambaa kinateleza, je, naweza kumshikia?

Nikasema nakuja. Nilitaka kuondoa shuka, nikaona mkono wangu wa kulia umekunjwa ngumi na vidole vimekakamaa.

Nikaufungua.

Pilipili mbichi. Imetobolewa katikati, tundu dogo la sindano, na kwenye tundu kimebaki kipande cha uzi mweusi, kifupi kama kope.

Nikashuka jikoni bila viatu. Kwenye jokofu karatasi yangu ya gazeti ilikuwa vile nilivyoiacha: kotmiri, na pilipili moja nzima isiyo na tundu. Nikaiweka ile nyingine kando yake. Zikawa mbili.

Fausta alikuwa amenifuata, akaegemea mlango, akaniuliza natafuta nini asubuhi yote hii. Nilifumba jicho la kulia, nikamtazama kwa la kushoto peke yake. Niliona vya karibu tu: tongotongo, alama ndogo ya mto wa kulalia shavuni, mikono yake inayoteleza kwa mafuta ya haradali, na chupa aliyoninyooshea nishike upande mmoja.

Nikashika.

Duka linafunguliwa Jumamosi saa tatu. Risiti ninayo. Sina haraka ya kulichukua jicho.